MAZUNGUMZO YA JAMAA: Mchezo wa Watoto Ng'ambo ya Mutukula



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya haki za jirani. Mwezi huu twapenda kusema habari ya jamaa wa damu walio mbali, na hasa habari ya watoto wao, ambao wazazi wengi huwasahau katika jambo hili. Watu wengi wa Bukoba na Muleba wana jamaa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Uganda. Nao hujiona ya kuwa wanaushika undugu barabara, kwa sababu baba huvuka Mutukula kila unapotokea msiba. Lakini tukiuliza: Je, watoto wa huku wanawajua watoto wa kule? Wanayajua hata majina yao? Mara nyingi jibu ni hapana. Basi undugu wa namna hiyo umri wake ni umri wa wazee wawili watatu waliobaki. Wakiisha hao, nao umekwisha.

Dini yetu imeliweka jambo la kuunga jamaa mahali pa juu sana. Mtume wetu s.a.w. alifundisha ya kuwa mwenye kuunga jamaa kwa kweli si yule anayelipa ziara kwa ziara na zawadi kwa zawadi, bali ni yule ambaye jamaa zake wakimkata, yeye huwaunga. Tena alifundisha ya kuwa jambo hili huleta wasaa katika riziki na baraka katika umri. Haya tunayasikia misikitini tangu utoto wetu. Lakini kusikia ni jambo moja, na kuweka akiba ya nauli ya watu watano ni jambo jingine.

Njia ya kale na mpaka mpya

Kabla hatujaingia katika habari ya safari yetu, yafaa vijana wajue kwa nini jamaa za Wahaya wametapakaa kule. Njia iliyoko kati ya Kagera na Buganda ni ya kale kuliko serikali zote tulizoziona. Wafanya biashara Waislamu wa pwani, walipotoka Unyanyembe, yaani Tabora, walipita Karagwe, wakaweka kituo chao mahali paitwapo Kafuro, kisha wakaendelea hata Buganda. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna, akazungumza naye habari za Mwenyezi Mungu. Na baadaye Uislamu uliingia Buhaya pia kwa mikono ya watu waliotoka Buganda. Kwa hiyo imani na bidhaa, na bila shaka posa na mahari, vimepita katika njia hii kwenda na kurudi.

Kisha, tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya, wakaufuata mstari wa digrii moja kusini ya ikweta, wakaufanya mpaka wa nchi. Mwaka ule ule Emin Pasha akaweka boma la Wajerumani Bukoba. Mstari ule haukuuliza nani ni shemeji wa nani, wala ng'ombe wa nani wanakunywa maji wapi. Watu waliendelea kuvuka kama kawaida yao. Wakati wa utawala wa Waingereza vijana wengi wa Kihaya walikwenda Buganda kutafuta kazi katika mashamba ya kahawa na pamba, wengine wakashika ufundi na biashara ndogo ndogo. Baadhi walirudi na fedha, na baadhi walikaa huko huko, wakaoa, wakazaa, wakazikwa.

Shangazi yetu, yaani dada wa marehemu baba yetu, ni mmoja katika hao waliokaa. Aliolewa mwaka 1959 akiwa na miaka 17, akatoka Muleba kumfuata mumewe, aliyekuwa fundi cherehani katika kijiji kimoja karibu na Masaka. Miaka ya mwanzo alikuwa akija nyumbani karibu kila mwaka, na fungu la vitambaa kichwani. Lakini Idi Amin aliposhika serikali ya Uganda mwaka 1971, safari ya mpakani ikawa ya mashaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yakaivamia ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likabomolewa. Mwaka uliofuata, katika mwezi wa Februari, vita vikafika Masaka, na mji ule ukaharibika vibaya.

Katika muda huo wote barua hazikufika. Marehemu baba alikuwa akisikiliza redio kila jioni, na kila lilipotajwa jina la Masaka alikuwa akiinua mkono ili sisi watoto tunyamaze. Hakujua kama dada yake yu hai. Vita vilipokwisha, shangazi alikuja Muleba juu ya lori la mizigo, amekonda, na mtoto mmoja mgongoni. Ndugu hao wawili walishikana mikono uani, wakakaa kimya muda mrefu, na mama akatufukuza tusiwatazame.

Jamaa wa misiba

Mtu angedhani ya kuwa baada ya hayo watu wasingeachana tena. Lakini amani nayo ina usahaulifu wake. Kila mmoja alishughulika na kibanja chake, ada za shule, na ugonjwa wa migomba. Tukawa jamaa wa misiba. Akifa mtu huku, wawili watatu hutoka kule wakaja na sanda. Akifa mtu kule, wawili watatu hutoka huku. Hulia pamoja, hula wali wa matanga pamoja, kisha kila mtu hurudi kwao. Na kwa kuwa watoto hawapelekwi misibani katika safari ndefu, watoto wa pande mbili hawakuonana kabisa.

Mwaka huu shangazi alitupigia simu. Umri wake umepita miaka 80, na sauti yake imekuwa nyembamba, lakini maneno yake hayajapoteza makali. Alisema, "Mwanangu, nyinyi mnanijua kwa misiba tu. Nataka wajukuu wa kaka yangu waje nikiwa bado nakula nao, wasije kuniona nimefunikwa." Mama wa nyumbani kwetu aliyasikia maneno hayo, kwa maana simu ilikuwa imefunguliwa sauti, akasema, "Hapa hapana la kujadili." Tukauza kahawa kidogo, tukatafuta hati za kusafiria za watoto, tukangoja shule zifungwe mwezi wa Juni.

Tulikuwa watano: sisi wazazi wawili, kijana wetu wa miaka 15, binti wa miaka 13, na mdogo wao wa miaka 9. Tuliondoka Muleba baada ya sala ya alfajiri, tukapita Kemondo na Bukoba, kisha tukashika barabara ya Kyaka. Pale darajani tuliwaonyesha watoto mto Kagera, tukawaeleza habari ya mwaka 1978. Mtoto mdogo akauliza, "Sasa daraja hili nani alilitengeneza tena?" Swali zuri, kwa maana watu hukumbuka sana waliobomoa na kuwasahau waliojenga.

Kutoka Bukoba hata Mutukula ni mwendo wa kama kilomita 80. Hapo mpakani pana kituo cha pamoja, kilichofunguliwa mwaka 2017 na Rais Magufuli na Rais Museveni, na ndani yake maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Ofisa alimtazama binti yetu mdogo, akamwuliza anakwenda kufanya nini Uganda. Akajibu, "Kumwona shangazi wa baba." Yule ofisa akagonga muhuri. Mbele yake, kwa njia ya Kyotera, kulikuwa na migomba ile ile, udongo mwekundu ule ule, na hata saa hatukuhitaji kuzibadilisha.

Usiku wa kwanza

Wasomaji, hatuwezi kuieleza furaha ya shangazi. Tulimpa kahawa ya kutafuna ya nyumbani, akaitia moja kinywani, akafumba macho. Wajukuu na vitukuu wake walikuja wakapiga magoti kutuamkia, na watoto wetu wakashangaa kuona adabu ni ile ile ya kwao. Tukala matoke na samaki. Wakubwa tulicheka na kulia kwa zamu.

Lakini tulipowatazama watoto, mambo yalikuwa mengine. Wa kule walisema Kiganda na Kiingereza cha shule. Wa kwetu walisema Kiswahili, na Kihaya cha kuombea maji. Walikaa juu ya mkeka mmoja, hawa upande huu na wale upande ule, wakitazamana kama abiria wasiojuana wanaongoja gari. Kijana wetu aliuliza mahali pa kuchajia simu, kisha akainama juu yake. Shangazi aliliona hilo. Hakusema kitu, ila tuliona furaha imepungua usoni mwake. Nasi tukafahamu hofu yake ilikuwa nini siku zile alipotupigia simu: ya kwamba atatukusanya chini ya paa moja, nasi tutatoka tukiwa wageni vile vile.

Mchezo uwanjani

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Shule za Uganda zilikuwa wazi, kwa maana muhula wao wa pili huendelea wakati sisi tumefunga. Kitukuu mmoja wa shangazi, binti wa miaka 12, alituomba twende shuleni kwao baada ya sala ya Ijumaa, kwani wasichana wa madarasa mawili walikuwa na mashindano ya kwepena. Shule yenyewe ni ya msingi, ya Waislamu, ndogo, yenye uwanja wa vumbi na mti mkubwa wa kivuli. Shangazi akasema naye atakwenda, akachukuliwa juu ya pikipiki pole pole, na kiti chake kikaletwa nyuma.

Mpira ulipotolewa, binti yetu mkubwa alisimama ghafula, akasema, "Baba, hii si rede?"

Naam, ilikuwa rede. Watoto wa Tanzania wanaijua sana. Wasichana wawili husimama kila mmoja upande wake, hatua kama kumi na tano baina yao, nao hutupiana mpira. Wenzao hukaa katikati, wakikwepa. Aliyeguswa na mpira hutoka. Mpira wenyewe haununuliwi dukani: ni soksi kuukuu iliyojazwa matambara, au mifuko ya nailoni iliyosokotwa na kufungwa kamba. Nyumbani kwetu aliyebaki katikati huwa na chupa, naye huijaza mchanga huku akikwepa, ikijaa ameshinda. Waganda huuita mchezo huu kwepena, na kila mwenye kusema Kiswahili atalisikia humo neno lake la kukwepa. Watoto wa Kenya huuita kati, kwa sababu ya yule anayesimama katikati. Nchi tatu, majina matatu, na mpira mmoja wa matambara. Hauna kombe la fedha, wala hauhitaji viatu. Umerithiwa na wasichana kutoka kwa dada zao katika viwanja vya shule, na mama zao waliucheza kabla yao.

Wasichana wale walivaa hijabu zao zimefungwa vizuri nyuma, na suruali ndefu chini ya magauni. Mwalimu wao wa kike alisimama kando na saa mkononi. Basi mpira ukaanza kulia hewani. Mtu asiyeujua mchezo huu asidhani ni wa kitoto. Mrushaji hodari hutazama kushoto akatupa kulia. Naye wa katikati huruka, huinama, hujikunja kiuno, na hugeuka mara mpira unapompita, maana adui wa pili yuko nyuma yake. Hapana nafasi ya kupumzika hata kidogo.

Mashindano yalipokwisha, binti wa shangazi akaja, akamshika mkono binti yetu, akamvuta uwanjani bila kusema neno. Lugha hakuwa nayo, lakini mkono alikuwa nao. Mara ugomvi ukazuka. Binti yetu alitafuta chupa ajaze mchanga. Wao wakakataa. Sheria yao pale ni kukimbia kutoka mstari hata mstari, na kila akikimbia mara kumi bila kuguswa humrudisha mwenzake mmoja aliyetoka. Wakabishana kwa Kiganda, Kiswahili, Kiingereza na vidole. Shangazi kutoka kitini pake akapaza sauti, mara kwa Kihaya, mara kwa Kiganda, ya kwamba mgeni hufuata sheria ya mwenyeji, na siku mwenyeji akija Muleba atajaza mchanga. Wakacheka, wakaanza.

Sasa wakawa wanahesabu kwa sauti kila binti yetu alipokimbia: emu, bbiri, ssatu, nnya, ttaano. Nasi tukaona uso wake umebadilika, kwa maana alizifahamu. Hazina tofauti kubwa na hesabu ya Kihaya cha bibi yake, wala haziko mbali na mbili, tatu, nne na tano za Kiswahili. Mdogo wake, aliyekuwa nasi chini ya mti, akaanza kuhesabu pamoja nao, kisha akaomba ruhusa, akaingia.

Likatokea jambo ambalo tunataka vijana walisikilize. Yule kitukuu wa shangazi alikuwa amebaki peke yake katikati. Wenzake wote walikuwa wametoka, pamoja na binti yetu. Alikuwa amekimbia mara tisa, na mara moja tu ilibaki. Mpira ukapita karibu naye, akageuka, ukaanguka vumbini. Wote tuliona ya kuwa amekwepa, na wenzake wakapiga makofi. Lakini yeye akasimama, akashika upindo wa gauni lake, akasema neno moja kwa Kiganda, akatoka uwanjani. Mpira ulikuwa umegusa upindo, na hapana aliyeona ila yeye na Mola wake. Wenzake walinung'unika sana. Binti yetu hakunung'unika, kwa sababu hakujua maneno ya kunung'unikia. Alimwendea, akasimama karibu naye. Shangazi akatutazama, akasema, "Huyo hakufundishwa na mimi. Amefundishwa na mpira."

Tuliyafikiri sana maneno hayo. Mchezo ule hauna refa wa kila upande wala picha za kurudiwa. Kama kila aliyeguswa atasema hakuguswa, mchezo unakufa siku ile ile, na hapana atakayetaka kucheza kesho. Basi watoto wenyewe wanajua, bila ya hotuba, ya kwamba mchezo husimama juu ya amana. Mtu akizoea kuutoa ukweli wa upindo wa gauni akiwa na miaka 12, yatarajiwa kuwa hatauficha ukweli wa mizani akiwa na duka.

Usiku ule mkeka haukuwa na pande mbili tena. Watoto walikuwa wakipigiana mpira wa soksi ndani ya nyumba, wakifundishana majina ya vitu, wakicheka matamshi. Hata kijana wetu, aliyesema mchana ya kuwa huo ni mchezo wa wasichana, alikuwa akisokota mpira mwingine kwa kamba za migomba, na binamu zake wakimsahihisha. Shangazi aliweka mkono sikioni akasema, "Kelele hizi hazinipi usingizi. Alhamdulillahi."

Kwa wale wanaoona mchezo ni upuuzi

Twajua wako wazazi watakaosema, "Safari ya kuunga jamaa ni ibada, mbona mwatueleza habari za mpira wa matambara?" Na wako watakaosema ya kuwa msichana akishakua, uwanja si mahali pake. Kwa heshima zote tunawaomba wakumbuke mambo mawili katika maisha ya Mtume wetu s.a.w.

La kwanza, siku moja ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini Madina. Mtume s.a.w. hakuwafukuza. Tena alimsimamisha Bibi Aisha r.a. nyuma yake, akimsitiri kwa nguo yake, apate kuutazama mchezo wa watu wale wa ugenini. Wala hakumharakisha, hata Bibi Aisha mwenyewe akatosheka. La pili, walipokuwa safarini, Mtume s.a.w. alishindana mbio na Bibi Aisha, naye Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, katika safari nyingine, wakashindana tena, Mtume s.a.w. akashinda, akamwambia kwa uchangamfu ya kuwa sasa wamelipana. Huyo ndiye aliyebeba mzigo wa umma wote, na bado alipata nafasi ya kukimbia na mkewe. Basi sisi wenye mizigo midogo tunajionaje wazito hata tusiweze kutazama watoto wetu wakicheza?

Mipaka ipo, wala hatuifichi. Msichana avae nguo za stara zinazomruhusu kukimbia bila kuogopa. Mahali pawe pa heshima, chini ya macho ya mwalimu au mzazi. Sala isipite wakati wake, wala kazi ya shule isiachwe. Lakini mzazi anayemkataza binti yake kila mchezo kwa jina la dini, na huku kaka yake anazurura na mpira hata magharibi, ajiulize kama anafuata dini au anafuata mazoea ya kijiji chake. Binti huyo anahitaji afya ya mwili kama kaka yake, na zaidi ya hayo anahitaji uwanja wa kujifunza kushindwa bila chuki, na kushinda bila majivuno.

Ama kuhusu undugu, tumeona kwa macho yetu. Wakubwa huunganishwa na kumbukumbu: baba yangu na baba yako, vita vile, njaa ile, harusi ile. Watoto hawana kumbukumbu hizo, wala huwezi kuwakopesha zako. Ni lazima wajitengenezee zao wenyewe, na kumbukumbu za mtoto hutengenezwa kwa kucheza. Ukiwaketisha sebuleni wanyamaze kwa adabu siku tatu, watarudi nyumbani hawana walichobeba. Ukiwaacha wapate vumbi pamoja alasiri moja, wamekuwa ndugu. Wazee walisema, "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Lakini yule mzaliwa nawe atakufaje nawe, ikiwa hujui hata sura yake?

Mashauri kwa jamaa

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu wa Bukoba, Muleba na kwingineko wenye jamaa wa mbali wayafikiri haya.

Kwanza, ziara moja ya heri itangulie misiba. Panga mapema, weka akiba kidogo kidogo tangu mavuno ya kahawa, na utafute hati za watoto kabla ya wakati, ili usije ukasema mpakani ya kuwa ulisahau.

Pili, chagua wakati ambao watoto wa upande mmoja wako shuleni, kama sisi tulivyofanya mwezi wa Juni. Mtoto mgeni akiona shule ya mwenzake, madarasa yake na michezo yake, hujifunza mengi kuliko akimwona nyumbani tu. Na vijana wakubwa wanaofikiri masomo ya juu wajue ya kuwa Uganda kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988. Kijana mwenye jamaa wanaomjua huko hatakuwa mkiwa.

Tatu, kabla ya safari wafundishe watoto nasaba yao: huyu ni nani wa babu, yule ni nani wa bibi, na waitwe kwa jina gani la heshima. Wafundishe pia Kihaya chao, kwa maana tumeona hesabu tano tu za mababu zilivyofungua mlango ambao Kiingereza cha shule hakikuufungua.

Nne, usibebe zawadi za kukushinda. Jamaa wengi hawatembeleani kwa kuwa kila mmoja anaogopa kwenda mikono mitupu. Kahawa ya nyumbani, mche wa sabuni, na watoto walioamka mapema wakavaa safi, ni zawadi tosha. Wala mwenyeji asikope ili amkirimu mgeni. Ndizi na maharage alizokula kaka yako utotoni bado zinampendeza.

Tano, na hili ni kwa vijana wenyewe: mkifika ugenini, wekeni simu kando siku mbili za mwanzo. Mkiona watoto wanacheza, ulizeni sheria yao, muifuate, kisha muwafundishe ya kwenu. Na mkiguswa upindo wa nguo, tokeni uwanjani hata kama hakuna aliyeona.

Shangazi ametuahidi ya kuwa mwezi wa Desemba, Mungu akipenda, atawatuma vitukuu wake wanne waje Muleba shule zao zitakapofungwa. Binti zetu wamekwisha weka chupa mbili tupu nyuma ya mlango, kwa kuwa zamu hii sheria itakuwa ya mchanga. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama, ampe shangazi yetu umri wenye afya, na awaunganishe jamaa wa Waislamu wote popote walipo, wale waliotenganishwa na mipaka, na wale waliotenganishwa na uvivu wao wenyewe. Amin.